Vipimo vya Lamu visiwe mateka wa programu

Mali bila daftari hupotea bila habari. Wahenga waliotuachia methali hii walikuwa wakiwaonya wafanyabiashara, lakini onyo lao leo linawahusu pia wasanifu majengo, wachoraji ramani, walimu wao na wanafunzi wao. Miongoni mwa mali kubwa zilizobaki katika visiwa vya Lamu ni ujuzi wa kujenga, na daftari la ujuzi huo limo hatarini. Linaandikwa katika mafaili ya tarakilishi ambayo, baada ya miaka michache, huenda asipatikane mtu wa kuyafungua.

Mji wa kale wa Lamu, ambao umekaliwa na watu bila kukatika kwa zaidi ya miaka 700, uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2001. Eneo lililoorodheshwa ni dogo mno, hekta zisizotimia 16. Kila nyumba inayokarabatiwa humo, kila ukuta unaoinuliwa na kila ghorofa inayoongezwa yapasa kutanguliwa na mchoro. Zamani mchoro huo ulichorwa kwa wino juu ya karatasi. Siku hizi unachorwa kwa programu: huyu anatumia AutoCAD, yule Revit, mwingine ArchiCAD. Hata wanaotumia programu moja hawatumii toleo moja. Msanifu aliyeko Nairobi aweza kuwa na toleo la mwaka huu, afisa wa mipango akawa na la miaka saba iliyopita, na mwanafunzi akawa na lile aliloruhusiwa na leseni ya masomo.

Hapo ndipo linapozuka swali la leo. Viwango vya pamoja vya kuchora na kujenga vitatunzwaje, ilhali chombo kinachovibeba kinabadilika kila mwaka?

Msimamo wetu ni mwepesi kuueleza, ingawa si mwepesi kuutekeleza. Kiwango ni mali ya mji, na programu ni chombo cha kupita. Kwa hiyo kiwango kiandikwe nje ya chombo, kiwe na mlinzi mmoja anayejulikana, na kila toleo la programu lipewe nakala ya kiwango hicho, asili yake ikibaki mahali pake. Tusipofanya hivyo hatutakaa bila kiwango. Tutatawaliwa na kiwango cha watu wengine, wala hatutajua kilivyoingia.

Wapo watakaosema kwamba habari za viwango ni mambo ya Wazungu na vyuo vyao. Hao hawajaitazama vyema nyumba ya mawe ya Lamu. Mafundi wa visiwa hivi walikuwa na viwango vya pamoja kabla ya tarakilishi, kabla ya futi na kabla ya mita. Walipima kwa shibiri, dhiraa na pima. Mkono wa fundi wa Siyu haukulingana sawasawa na mkono wa fundi wa Lamu, lakini uwiano haukubadilika: shibiri mbili ni dhiraa moja, dhiraa nne ni pima moja. Aliyehama kisiwa aliukuta ulingano uleule alikokwenda.

Kipimo cha pili kilikuwa mti wenyewe. Dari ya nyumba ya mawe hubebwa na boriti za mikoko, na urefu wa boriti ndio ulioamua upana wa chumba. Ndiyo maana vyumba vya nyumba hizo ni virefu na vyembamba, upana wake ukiwa kati ya mita 2.5 na 3 hivi, liwe jumba la tajiri au nyumba ya mtu wa kadiri. Na miti yenyewe ilikuwa na madaraja yake kwa unene: fito, pau, mazio, boriti, nguzo. Jina lilikuwa ndilo kipimo. Majahazi yaliyopakia miti ya Lamu kwenda Arabuni na Ghuba, hadi Kenya ilipopiga marufuku usafirishaji huo nje ya nchi mwaka 1982, yalibeba pamoja na miti lugha ya kibiashara iliyofahamika pande zote mbili za bahari. Aliyeagiza boriti hakutarajia kuletewa pau.

Kiwango cha tatu kilikuwa mpango wa nyumba. Mtu huanza na daka mlangoni, akaingia tekani, akatokea kiwandani, kisha msana wa tini, msana wa yuu, ndani, na hatimaye nyumba kati. Kadiri aingiavyo ndivyo faragha izidivyo. Kila sehemu ina jina lake na kazi yake, na fundi alipoambiwa jina alijua la kufanya bila kuonyeshwa mchoro.

Tuangalie ni kwa nini viwango hivyo vilidumu. Havikutegemea chombo cha fundi mmoja. Fundi alipobadilisha tezo, mwiko au timazi, dhiraa haikubadilika. Alipofariki, kiwango hakikuzikwa naye, kwa sababu kilikuwa katika majina yaliyojulikana na wote, katika viungo vya mwili alivyo navyo kila mtu, na katika mti uliokatwa kwa daraja. Chombo kilikuwa kitu kimoja na kiwango kitu kingine. Tarakilishi imekuja ikavichanganya.

Kabla ya tarakilishi kulikuwa na kipindi cha karatasi, nacho kilitufaa sana. Katika miaka ya 1970 Usam Ghaidan, msanifu aliyekuwa akifundisha Chuo Kikuu cha Nairobi, aliupima na kuuchora mji wa Lamu, na kitabu chake kikachapishwa mwaka 1975. Mwaka 1986 Francesco Siravo na Ann Pulver walitoa, kupitia Makavazi ya Kitaifa ya Kenya, mpango wa kuuhifadhi mji huo wenye michoro, ramani na miongozo ya ujenzi. Mwaka huohuo mji wa kale ukatangazwa rasmi kuwa turathi inayolindwa na sheria. Vitabu hivyo viwili vina sifa moja ambayo hatukuithamini wakati ule: mtu akivikuta katika maktaba leo atavifungua na kuvisoma. Havimuulizi ana toleo gani. Havimdai leseni.

Sasa tuseme kidogo jinsi mambo yalivyo ndani ya tarakilishi, kwa faida ya msomaji asiye mchoraji. Ofisi inapotaka michoro yake yote ifanane hutengeneza kiolezo. Katika kiolezo huwekwa matabaka, yaani kuta katika tabaka moja, milango katika jingine, vipimo katika jingine. Huwekwa pia unene wa mistari, aina ya maandishi, fremu ya karatasi, na maktaba ya vipande vilivyokwisha kuchorwa, mathalani mlango wa Lamu wenye nakshi au safu ya zidaka ukutani. Mchoraji hahitaji kuvichora upya kila siku. Huvichukua na kuvipachika. Watu kumi wakitumia kiolezo kimoja, kazi yao huonekana kama imetoka mkono mmoja.

Tatizo ni kwamba kiolezo chenyewe ni faili, na faili ni mtoto wa toleo lililolizaa. AutoCAD ilianza kuuzwa mwaka 1982, na tangu hapo muundo wa mafaili yake umebadilishwa mara nyingi. Matoleo ya 2000, 2004, 2007, 2010, 2013 na 2018 kila moja lilikuja na muundo wake. Toleo jipya husoma faili la zamani, lakini la zamani halisomi la jipya mpaka lihifadhiwe upya kwa muundo wa nyuma, na katika kurudishwa nyuma huko baadhi ya vitu hupotea au hugeuka mistari mitupu. Revit ni kali zaidi. Faili likishafunguliwa na kuhifadhiwa katika toleo jipya, halirudi tena kwa toleo la nyuma, na toleo jipya hutoka kila mwaka.

Tuchukue mfano wa kubuni. Nyumba moja ya Mkomani yataka kukarabatiwa. Msanifu wa Nairobi anapokea kiolezo kilichotengenezwa miaka iliyopita, anakifungua kwa toleo lake jipya, programu inakigeuza, naye anakirudisha kikiwa kimegeuka. Afisa wa Lamu anajaribu kukifungua, hakifunguki. Anaomba kitumwe kwa muundo wa zamani. Kinafika kikiwa maandishi yake yamebadilika na kutoka nje ya fremu, kwa kuwa aina ya herufi iliyotumika haimo katika mashine yake. Mwanafunzi aliyeagizwa kupima ndani ya nyumba analeta mchoro uliochorwa kwa inchi. Ukasomwa kama milimita, nyumba nzima ikapungua mara 25.4. Hilo angalau litaonekana na kila mtu. La hatari zaidi ni ukuta ambao unene wake umebadilika kidogo tu, ukapita machoni pa wote watatu, ukafika kwa mwashi.

Isitoshe, kuna hatari nyingine inayoingia kimyakimya, nayo ndiyo inayotutia wasiwasi kupita zote. Kila programu huja na violezo vyake na maktaba yake. Ndani yake mna kuta za matofali membamba, milango ya vipimo vya viwandani, madirisha ya alumini na ngazi za majengo ya ofisi. Ukuta wa matumbawe na chokaa wenye unene wa karibu nusu mita haumo. Daka halimo. Wikio, lile pito la juu linalounganisha nyumba mbili juu ya kichochoro, halimo. Mchoraji aliyekosa kiolezo cha Lamu, au aliyekuwa nacho kikakataa kufunguka, hataacha kazi, atachukua kilichomo. Hivyo kiwango cha mji hubadilishwa bila kikao chochote, bila azimio na bila mtu wa kuulizwa, kwa sababu tu kitufe fulani kilikuwa karibu.

Lugha nayo imo katika mtego huo. Mwanafunzi aliyelelewa bara akikuta neno "kiwanda" katika mchoro wa nyumba ya Lamu atadhani ni mahali pa kutengeneza bidhaa, kumbe kwa Waamu ni ua wa ndani ulio wazi juu. Akikuta "ndani" atauliza ndani ya nini, kumbe ni jina la chumba. Maneno haya yasipoandikwa pamoja na maana zake mahali pamoja panapojulikana, kila mchoraji atayatafsiri apendavyo, na baada ya vizazi viwili majina yatabaki kwa wazee na michoro itabaki na maneno ya kigeni.

Pengine msomaji atauliza kama hili ni jambo la kupigiwa kelele, ilhali Lamu ina matatizo ya maji, ajira na usalama. Jibu letu ni kwamba mji huu umo katika kipindi cha mabadiliko makubwa. Gati la kwanza la bandari mpya ya Lamu lilifunguliwa mwezi Mei 2021. Bandari huleta watu, watu huhitaji nyumba, na bei ya ardhi humshawishi mwenye nyumba kupandisha ghorofa. Serikali za kaunti, zilizoanza kazi mwaka 2013, ndizo zenye jukumu la mipango ya ujenzi. Makavazi ya Kitaifa nayo yana wajibu wa kulinda turathi kwa mujibu wa sheria ya mwaka 2006. Mamlaka mbili zikitazama mchoro mmoja kwa viwango viwili, mwananchi ndiye anayeumia. Ataambiwa hapa ruhusa ipo na kule haipo, na subira yake ikiisha atajenga usiku.

Aidha, mchoro ni shahidi wa jengo lililoondoka. Ndugu zetu wa Unguja wanalijua hilo kwa uchungu. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba lililojengwa mwaka 1883, iliporomoka katika Mji Mkongwe na kuua watu. Siku kama hiyo inapofika hakuna muda wa kutafuta mtu mwenye toleo la zamani la programu. Ama vipimo vipo na vinasomeka, ama kazi inaanza kwa kukisia.

Hata mataifa tajiri yamepata funzo hilo. Kanisa la Notre-Dame la Paris liliungua mwezi Aprili 2019. Miaka kadhaa kabla ya moto, msomi Andrew Tallon alikuwa amelipima kwa miale ya leza, na vipimo vyake vikawa miongoni mwa vilivyowasaidia waliolijenga upya hadi likafunguliwa tena Desemba 2024. Tallon mwenyewe alifariki mwaka 2018, kabla ya moto. Alikwisha kuondoka, lakini kazi yake ilifunguka mikononi mwa wengine. Kila mwenye kupima nyumba ya Lamu leo yampasa ajiulize: mimi nisipokuwapo, je, kazi yangu itafunguka?

Basi nini kifanyike? Kwanza, kiwango kiandikwe kwa maneno na tarakimu, katika kijitabu kinachoweza kuchapwa, kwa Kiswahili. Kieleze tabaka lipi ni la nini, mstari upi una unene gani, kila sehemu ya nyumba inaitwaje na inamaanisha nini, ukuta wa matumbawe unachorwaje, kipimo kinatolewa kwa kizio gani. Kijitabu hiki ndicho kiwango. Kiolezo cha programu ni tafsiri yake tu. Tafsiri ikipotea au ikiharibika, itafanywa nyingine kutoka katika asili.

Pili, awepo mlinzi mmoja. Haifai kila ofisi kuwa na kiolezo chake na kudai ndicho sahihi. Ofisi ya uhifadhi ya Lamu, kwa makubaliano na kaunti, ndiyo inayostahili kazi hiyo, kwa kuwa ipo mjini na inazijua nyumba. Atakayetaka badiliko aliombe kwake, na likikubaliwa liandikwe katika daftari: tarehe, nani aliomba, kwa sababu gani. Kijitabu kiwe na namba ya toleo lake chenyewe, isiyohusiana kabisa na namba ya programu yoyote. Hapo mtu ataweza kusema kwamba mchoro huu ulifuata toleo la tatu la viwango vya Lamu, na wote wakaelewa.

Tatu, kiolezo cha msingi kitengenezwe katika toleo la zamani kuliko yote yanayotumiwa na washirika, kwa vitu sahili vinavyokubaliwa na matoleo yote. Kutoka hapo zitolewe nakala, moja kwa kila toleo, kila moja katika folda yake, ikiwa imefungwa isiandikwe juu yake. Nakala ya msingi isifunguliwe kamwe kwa toleo jipya. Kila inapotoka nakala ya toleo jipya, ichorwe nayo nyumba moja ileile ya majaribio, ichapwe, na karatasi yake ilinganishwe na ile ya zamani kwa macho na kwa rula. Ni kazi ya siku moja inayozuia balaa la miaka.

Nne, kazi iliyoanzwa katika toleo moja imalizwe katika toleo hilo. Kuhama katikati ya kazi kwa sababu tangazo la muuzaji limesema toleo jipya ni zuri zaidi ni sawa na kubadilisha rula ukuta ukiwa umefika kifuani. Ikilazimu kuhama, washirika wote wahame siku moja, kwa makubaliano ya maandishi.

Tano, kazi ikiisha ihifadhiwe kwa namna tatu. Ya kwanza ni karatasi. Ya pili ni PDF/A, muundo wa kuhifadhia nyaraka uliofanywa kiwango cha kimataifa mwaka 2005. Ya tatu ni muundo ulio wazi ambao programu nyingi huusoma: DXF kwa michoro bapa, na IFC kwa majengo yaliyochorwa kwa umbo zima. IFC ilikamilishwa kuwa kiwango cha kimataifa mwaka 2013, kwa namba ISO 16739. Faili la asili nalo liwekwe, lakini lisitegemewe peke yake. Na mara moja kila mwaka mtu ateuliwe kuyafungua mafaili ya zamani na kutoa taarifa ni yapi yaliyokataa.

Twajua pingamizi zitakazotolewa. Ya kwanza ni gharama. Leseni za programu kubwa ni ghali, na ofisi nyingi hazimudu kununua kila mwaka. Hiyo ni hoja inayotuunga mkono, kwani palipo na uhaba wa fedha ndipo matoleo yanapozidi kuwa mengi, na ndipo kiwango kinapohitaji kusimama nje ya programu. Zipo pia programu zisizolipiwa, kama LibreCAD na FreeCAD, ambazo hutosha kwa sehemu kubwa ya kazi ya kupima na kuchora nyumba. Kijitabu, daftari na folda zilizopangwa havigharimu fedha nyingi. Vinagharimu nidhamu.

Pingamizi la pili lasema kwamba matoleo mapya husoma ya zamani, kwa hiyo hakuna la kuogopa. Ni kweli nusu. Husoma, lakini huku yakigeuza, na anayegeuza hatuambii kila alichogeuza. Na njia hiyo ni ya upande mmoja: mwenye kipya humsoma mwenye cha zamani, mwenye cha zamani akabaki nje. Katika mji ambao mwenye kipya huwa ni mgeni na mwenye cha zamani huwa ni mwenyeji, maana yake mwenyeji hawezi kusoma mchoro wa nyumba yake mwenyewe.

Pingamizi la tatu ndilo zito. Wako wasemao kwamba viwango huufanya mji kuwa maiti iliyotiwa dawa, na kwamba watu wa Lamu wana haki ya kuishi kwa namna ya zama zao. Twakubaliana nao kabisa kwamba mji si sanduku la kioo. Nyumba zinahitaji umeme, maji na vyoo bora, na familia hukua. Kiwango chaweza kubadilika, na pengine chapaswa. Lakini kibadilike kwa hoja. Mafundi walipoanza kutumia saruji badala ya chokaa, badiliko hilo liliingia bila kujadiliwa, kwa kuwa saruji ilikuwa dukani na ilikauka upesi. Baadaye ikabainika kwamba saruji hufungia unyevu na chumvi ndani ya ukuta wa matumbawe, na plasta ikabanduka. Lau kungalikuwa na daftari na mlinzi, swali lingaliulizwa mapema. Programu inaweza kutufanyia lilelile kwa upesi zaidi.

Neno la mwisho ni kwa walimu na wanafunzi, maana wao ndio watakaorithi mafaili haya. Katika vyuo vingi mwanafunzi hufundishwa vitufe vya toleo moja, akatahiniwa kwa vitufe hivyo, na anapohitimu vitufe vimehamishwa. Kinachodumu ni kujua kwa nini ukuta huchorwa kwa mstari mnene na fanicha kwa mwembamba, kwa nini vipimo hupewa tabaka lake, na kwa nini faili hupewa jina linaloeleweka na mtu asiyekuwapo. Mwalimu na aanze hapo, vitufe vifuate. Zoezi jema ni hili: darasa ligawanywe makundi matatu, kila kundi lipewe programu au toleo tofauti, wote wachore nyumba moja kwa kijitabu kimoja cha viwango, kisha wabadilishane mafaili. Watakachokipoteza njiani kitawafundisha zaidi ya mihadhara kumi.

Walimu wa Kiswahili wasijione wako nje ya shughuli hii. Nani atakayeandika faharasa ya daka, tekani, msana, sabule na wikio ikiwa si wao na wanafunzi wao, wakikaa na waashi na maseremala wa Lamu, Shela, Pate na Siyu? Wanafunzi wa shule za sekondari wa visiwani wanaweza kupima nyumba za jamaa zao kwa dhiraa na kwa mita, wakaandika yote mawili kando kwa kando. Kazi hiyo haihitaji hata tarakilishi moja, nayo ndiyo msingi wa zote zitakazokuja.

Mafundi wa kale walitukabidhi kiwango ambacho mtu yeyote mwenye mkono na mwenye masikio aliweza kukitumia. Hatudai turudi kwenye dhiraa, wala hatuzichukii tarakilishi, ambazo zimerahisisha mengi. Tunachodai ni kwamba kijitabu cha viwango vya Lamu kiandikwe, mlinzi wake atajwe, na ukaguzi wa mafaili ya zamani uanze kabla hayajaongezeka yasiyofunguka. Ofisi zinazohusika zinajijua. Vyuo vyetu vina vijana wa kutosha kuifanya kazi hii katika likizo moja ndefu. Nyumba bado zimesimama na wazee wenye majina yake bado wapo. Daftari na lifunguliwe sasa.